Joseph-Armand Bombardier: Fundi wa kijijini aliyetafuta njia juu ya theluji

Masika yanapokolea huko Kwapa, wilayani Tororo, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, njia za vijijini hugeuka tope, na mgonjwa anayepaswa kufikishwa hospitalini Tororo au Busia hubaki mikononi mwa mwendesha bodaboda. Apite ukingoni au katikati, avute mafuta lini, ashuke na kusukuma wapi: maarifa hayo ndiyo yanayotenganisha kufika na kukwama.

Mbali sana na huko, katika kijiji cha Valcourt, jimbo la Quebec nchini Kanada, fundi makanika aitwaye Joseph-Armand Bombardier alikabiliwa na mtihani wa namna hiyo hiyo katika majira ya baridi ya mwaka 1934. Kilichofunga njia yake hakikuwa tope bali theluji, na mgonjwa alikuwa mtoto wake mwenyewe. Msiba uliofuata ulimfanya ashikilie kwa nguvu mpya kazi aliyokuwa ameianza tangu ujana wake, na kutokana na kazi hiyo zikapatikana pikipiki za theluji ambazo leo hupanda milima ya Amerika Kaskazini mahali pasipo na njia yoyote.

Jina lake si geni kwa watu wa Afrika Mashariki. Ndege za kwanza za Shirika la Ndege la Uganda lilipofufuliwa mwaka 2019 zilikuwa aina ya CRJ900 za kampuni ya Bombardier, na Watanzania walilizoea jina hilo tangu mwaka 2016, serikali yao ilipopokea ndege aina ya Q400. Wachache kati ya abiria wa ndege hizo wanajua kwamba jina hilo ni la ukoo wa fundi wa gereji ya kijijini, aliyefariki dunia kabla kampuni yake haijatengeneza ndege hata moja.

Kijana na pangaboi

Bombardier alizaliwa tarehe 16 Aprili 1907, mtoto wa kwanza kati ya watoto wanane wa Alfred Bombardier na Anna Gravel. Tangu utotoni alipenda kufungua saa, kuunda vigari na vitreni vya kuchezea, na kudadisi kila kilichokuwa na chemchemi au gurudumu la meno. Baba yake, akitaka kuyalinda magari ya familia dhidi ya mikono hiyo isiyotulia, alimpa gari bovu la Ford ili afanye nalo atakavyo.

Alichokifanya kilionekana mwishoni mwa Desemba 1922, Joseph-Armand akiwa na umri wa miaka 15. Aliichukua injini ya gari lile, akaifunga juu ya vigari viwili vya kuteleza vya farasi, na nyuma yake akapachika pangaboi kubwa la mbao kama la ndege. Mdogo wake Léopold alikaa mbele kushika uelekeo, naye mwenyewe akasimamia injini. Chombo hicho kikapita kijijini kwa kishindo, watu na wanyama wakikimbia kukipisha.

Baba hakufurahi. Pangaboi lile lililozunguka wazi bila kizuizi lingeweza kumkata mtu, na akaamuru chombo kivunjwe mara moja. Kijana alitii. Hata hivyo somo lilikuwa limeingia: injini ingeweza kusafiri juu ya theluji, ingawa si kwa njia ile.

Wazazi walitaka awe padri, wakampeleka seminari katika mji wa Sherbrooke. Hakudumu. Alimwomba baba yake amruhusu ajifunze ufundi, akafanya kazi katika gereji, Montréal ikiwa mojawapo ya sehemu alizopitia. Mwaka 1926, akiwa na miaka 19 tu, alirudi Valcourt na kufungua gereji yake kwa msaada wa baba. Miaka mitatu baadaye alimwoa Yvonne Labrecque.

Gereji hiyo ilikuwa na kazi nyingi wakati wa kiangazi. Majira ya baridi yalipoingia, mambo yalisimama. Barabara za mashambani Quebec hazikusafishwa theluji enzi hizo. Wenye magari waliyaegesha kuanzia Desemba hadi theluji ilipoyeyuka, na usafiri ukarudi kwa farasi. Bombardier aliitumia miezi hiyo mitupu kujenga na kujaribu vyombo vya theluji, kimoja baada ya kingine, kwa fedha alizozipata kwa kutengeneza magari ya wengine.

Majira ya baridi ya 1934

Mwaka 1934 mtoto wao Yvon, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Uambukizo ulienea tumboni, na matibabu yaliyohitajika ni upasuaji wa haraka. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, mwendo wa kilomita zipatazo 50. Kwa gari wakati wa kiangazi hiyo ilikuwa safari fupi. Katika theluji ile ya kina, gari lisingeweza kupita, na farasi wasingefika kwa wakati. Chombo ambacho Bombardier alikuwa akikijenga katika gereji yake hakikuwa tayari kwa safari. Yvon akafariki dunia.

Mtu aliyekuwa na karakana, vifaa na kipaji cha kuunda mashine ya theluji kuliko pengine yeyote katika eneo lile, hakuweza kumvusha mwanawe kilomita 50. Katika Quebec ya siku hizo lakini halikuwa jambo la familia moja pekee. Wajawazito, wazee na watoto wa mashambani walikuwa wakiishi nusu mwaka wakiwa wametengwa na daktari. Bombardier alirudi kwenye meza yake ya kazi, na mwaka uliofuata alikuwa amepata alichokikosa.

Kwa nini vyombo huzama

Theluji iliyoanguka karibuni si kitu kigumu. Sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Mtu akiikanyaga kwa buti huzama hadi magotini, wakati mwingine hadi kiunoni, kwa sababu uzito wake wote umewekwa juu ya eneo dogo la nyayo mbili. Gurudumu la gari ni baya zaidi, kwani linagusa chini kwa sehemu ndogo, na linapozunguka bila kushika hujichimbia shimo. Mwendesha bodaboda aliyekwama kwenye tope analijua jambo hilo bila kufundishwa: kadiri anavyovuta mafuta kwa hasira, ndivyo tairi la nyuma linavyozama.

Dawa yake ni kuutandaza uzito. Mafundi kadhaa walikuwa wameliona hilo kabla ya Bombardier. Nchini Marekani wapo waliofunga mbao za kutelezea mbele ya gari la Ford na mikanda ya chuma nyuma yake. Nchini Urusi, Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyesimamia magari ya Mfalme Nikolai wa Pili, alibuni mkanda laini uliozunguka magurudumu ya nyuma ili gari la mfalme lipite kwenye theluji.

Mkanda huo wa Kégresse ulifika hadi Afrika Mashariki. Baada ya mapinduzi ya Urusi alirudi kwao Ufaransa na kushirikiana na kampuni ya Citroën. Magari manane yenye mikanda yake yalianza safari ya kuvuka Afrika kutoka Algeria mwezi Oktoba 1924, na mwaka 1925 yakafika Kampala. Hapo msafara uligawanyika katika makundi manne, moja likaelekea Mombasa na jingine Dar es Salaam. Kilichobuniwa kwa ajili ya theluji ya Urusi kilikuwa kimevuka mchanga wa Sahara na tope la misitu, kwa sababu kanuni ni moja: ardhi laini hubeba mzigo uliotandazwa na humeza mzigo uliokusanywa mahali pamoja. Wakati huo Bombardier alikuwa kijana wa takriban miaka 18, bado akijifunza ufundi.

Gurudumu la meno

Mchango wake mwenyewe ulikuwa katika namna ya kuuzungusha mkanda. Theluji ilikuwa ikijaa na kuganda kati ya mkanda na magurudumu, hadi mkanda ukateleza au kuchomoka. Mwaka 1935 Bombardier alipata jibu katika sproketi, gurudumu la meno la aina ile ile inayovuta cheni ya pikipiki, lakini yenye meno yaliyofunikwa kwa mpira. Meno hayo yaliingia katika mkanda uliotengenezwa kwa mpira na kuunganishwa kwa vipande vya chuma vilivyolala kwa mapana. Mpira haukushikwa na barafu kwa urahisi kama chuma, na meno hayakuuachia mkanda uteleze.

Aliomba hataza, na mwaka 1937 akaipata. Kwa ubunifu huo alijenga gari lililoitwa B7, B ikiwa Bombardier na 7 idadi ya watu waliobebwa. Lilikuwa na mwili wa mbao, mbao za kutelezea mbele na mikanda nyuma. Wanunuzi wa mwanzo walikuwa ni wale hasa ambao Valcourt iliwakosa mwaka 1934: madaktari wa vijijini, pamoja na wenye hoteli, wasafirishaji wa barua na mapadri. Baadaye likaja B12 lenye madirisha ya mviringo kama ya meli, likabeba wagonjwa, barua na abiria, na jingine kubwa zaidi lililowapeleka watoto shuleni.

Mwaka 1942 alisajili kampuni yake rasmi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, na serikali ya Kanada ikaweka masharti: raia aliyetaka gari la theluji alipaswa kuthibitisha kwamba analihitaji kweli. Karakana ikageukia magari ya jeshi, na fundi wa kijijini akajifunza kuendesha kiwanda.

Barabara ziliposafishwa

Pigo kubwa kwa biashara yake lilitokana na habari njema. Mwaka 1948 serikali ya Quebec iliamua kwamba barabara za mashambani zisafishwe theluji wakati wa baridi. Magari ya kawaida yakaanza kupita mwaka mzima, na mauzo ya kampuni yakaporomoka kwa karibu nusu katika muda mfupi.

Hapa maisha ya Bombardier yanafikia mahali penye mafunzo ya pande mbili. Mashine yake ilikuwa imezaliwa kwa sababu barabara haikuwapo. Barabara ilipopatikana, mkulima wa kawaida, asiyeweza kununua B12, alipata alichokuwa akikihitaji kuliko mashine: mtoto wake sasa angeweza kufikishwa hospitalini kwa gari lolote la jirani. Kwa mwenye kiwanda ilikuwa hasara. Kwa baba wa Yvon, ilikuwa ndiyo hali ambayo mwaka 1934 ingemwokoa mwanawe.

Hakukaa kuomboleza soko. Alizipeleka mikanda yake mahali ambapo barabara zisingefika kamwe: misituni, kwenye machimbo na vinamasini. Mwaka 1953 alitoa trekta iitwayo Muskeg, jina linalotokana na neno la wenyeji wa Kanada la kinamasi, nayo ikafanya kazi katika matope na theluji vilevile.

Chombo cha mmisionari

Ndoto ya ujana wake, hata hivyo, ilikuwa chombo chepesi cha mtu mmoja au wawili. Kwa miaka mingi injini zilikuwa nzito mno. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 injini ndogo zilipatikana, na mwanawe Germain alikuwa amesaidia kupata mkanda mpana wa mpira usio na kiungo. Mwaka 1959 chombo hicho kilitoka. Kilikuwa na mbao mbili mbele, mkanda mmoja chini ya kiti, na uzito wa kilo zipatazo 150. Kikaitwa Ski-Doo.

Moja kati ya vyombo vya kwanza lilipelekwa kaskazini mwa Ontario kwa padri mmisionari Maurice Ouimet, aliyewahudumia watu wa jamii za asili na aliyekuwa akisafiri kwa vigari vya mbwa. Bombardier aliwafikiria watu wa namna hiyo: wamisionari, wawindaji, wapima ardhi, madaktari. Mwaka wa kwanza ziliuzwa 225. Miaka michache baadaye zilikuwa zikiuzwa kwa maelfu, na wanunuzi wengi hawakuwa wamisionari. Walikuwa watu wa mijini na wakulima waliotaka kufurahia majira ya baridi waliyokuwa wakiyakimbia ndani ya nyumba. Inasimuliwa kwamba Bombardier mwenyewe alishangaa, na kwamba alihofia furaha hiyo ingepita upesi na kukiacha kiwanda na deni.

Hakuishi kuona ilikofika. Alifariki kwa saratani tarehe 18 Februari 1964, akiwa na umri wa miaka 56.

Katika theluji ya kina ya milimani

Pikipiki ya theluji inayotengenezwa leo kwa ajili ya milima ingemshangaza, ingawa angeitambua mara moja. Mbao mbili ziko mbele, mkanda uko nyuma. Kilichobadilika ni kipimo. Mkanda wa mashine ya mlimani umerefushwa hadi mzunguko wa zaidi ya mita 4, na juu yake yamejipanga meno ya mpira yenye kimo cha kufikia sentimita 7, yanayoisukuma theluji nyuma kama makasia yanavyosukuma maji. Mashine yenye uzito wa kilo zipatazo 200, pamoja na mwendeshaji wake, huigandamiza theluji kwa shinikizo dogo kuliko unyayo wa mtu aliyesimama.

Uendeshaji wake haufanani na wa barabarani. Katika theluji ngumu mwendeshaji hukaa na kupinda usukani, mbao zikashika na mashine ikageuka. Katika theluji ya kina mbao hazina cha kushika, na usukani peke yake haufai kitu. Mwendeshaji husimama, huweka uzito wake wote kwenye kikanyagio cha upande mmoja, na kuilaza mashine ubavu hadi ukingo wa mkanda unapoikata theluji. Mara nyingi huupinda usukani kinyume na anakotaka kwenda, ili mashine ilale kwa urahisi. Ndiyo maana mbao za mashine za mlimani zimesogezwa karibu karibu: zikiwa mbalimbali, zingezuia kulala huko.

Kukatiza mteremko kwa ubavu ndiko kunakopima ustadi. Mashine hutaka kuteleza bondeni, na mwendeshaji huizuia kwa kuilaza upande wa mlima, mguu mmoja ukiwa kikanyagioni na mwili ukining'inia juu ya theluji. Mkono wa mafuta nao lazima uwe mtulivu. Ukivuta kidogo mno, mashine huzama. Ukivuta kwa pupa, mkanda huchimba mtaro na kujifukia. Aliyekwama hushuka, huikanyaga theluji ya mbele hadi ishikamane, huzivuta mbao juu, kisha huondoka polepole bila kusimama tena. Mkanda mrefu hupanda vizuri zaidi na kuzama kwa shida, lakini hugeuka kwa uzito. Mfupi ni mwepesi kuchezea, lakini huishiwa mapema kwenye mwinuko mkali.

Mwinuko una adui mwingine: hewa. Kama vile mpanda Kilimanjaro au Rwenzori anavyoishiwa pumzi, injini nayo hupungukiwa nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Baadhi ya mashine mpya za mlimani zimefungwa turbo inayosukuma hewa ndani ya injini, ili nguvu ya bondeni isipotee juu. Nguvu hiyo imeleta pia hatari, kwa kuwa mashine humfikisha mtu kwenye miteremko ambako theluji huporomoka bila onyo. Waendeshaji wenye busara hubeba sepetu, fimbo ya kutafutia aliyefukiwa na kifaa cha kutoa mawimbi ya redio, na hawapandi mteremko mmoja wawili kwa wakati mmoja.

Kilichobaki

Baada ya kifo cha Bombardier, kampuni iliongozwa na mwanawe Germain kwa muda mfupi, kisha na mkwewe Laurent Beaudoin, aliyeiingiza katika treni na hatimaye ndege. Tangu mwaka 2003 pikipiki za theluji zinatengenezwa na kampuni nyingine iliyojitenga na ile ya zamani, na ndege za abiria zenye jina la ukoo huo sasa ziko mikononi mwa wamiliki wengine. Gereji ya mwaka 1926 imehifadhiwa katika makumbusho huko Valcourt, pamoja na vyombo vyake vya mwanzo.

Wengi wanaopanda mashine hizo milimani leo huenda huko kwa burudani, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini kwa jamii za kaskazini mwa Kanada ambako barabara hazijafika, pikipiki ya theluji bado ni chombo cha kupelekea kuni, samaki na wagonjwa. Kazi hiyo bodaboda anaijua. Jina lake lilizaliwa kwenye mpaka wa Busia na Malaba, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo viwili vya forodha, na hadi leo, njia ya Kwapa inapofungwa na mvua, yeye ndiye anayeitwa. Quebec ilihitaji mambo mawili ili mtoto mgonjwa wa kijijini afike hospitalini: chombo kinachoweza kupita pabaya, na uamuzi wa serikali kwamba pabaya pasibaki pabaya. La kwanza Bombardier aliliweza kwa mikono yake. La pili lilimpunguzia wateja, na likafanya kazi kubwa kuliko mashine zake zote.